Msalaba wa Muiredach: Matini ya Jiwe Baina ya Usimulizi na Uandishi

Katika uhakiki wa fasihi, mpaka baina ya fasihi simulizi na fasihi andishi aghalabu huwekwa kwa kigezo cha kuwepo au kutokuwepo kwa maandishi. Msalaba wa Muiredach, uliopo Monasterboice, kaunti ya Louth nchini Ayalandi, unakitia kigezo hicho mashakani. Msalaba huu wa jiwe la mchanga, wenye kimo cha zaidi ya mita 5, ulisimamishwa penye makao ya watawa. Muiredach anayetajwa juu yake kwa kawaida hutambuliwa kuwa abate aliyefariki mwaka 923.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba michongo ya aina hii ilikuwa Biblia ya wasiojua kusoma. Rai hiyo ina asili ya kale: mnamo mwaka 600 Papa Gregori wa Kwanza alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille akizitetea picha kwa hoja hiyo hiyo. Hata hivyo, rai hii haielezi jinsi michongo yenyewe inavyofanya kazi. Sehemu ya chini ya uso wa mashariki, Adamu na Hawa wamesimama chini ya mti. Kando yao, katika fremu ile ile, Kaini anamuua Abeli. Asiyekijua kisa haoni ila watu wanne. Anayekijua huona dhambi ya kwanza na mauaji ya kwanza yakiwekwa pamoja, kama sababu na tokeo lake. Mchongo, basi, haufundishi kisa. Unakifasiri kwa hadhira iliyokwisha kukisikia. Ufasiri huo unapanda kupitia Daudi na Goliathi, Musa na mwamba, na Mamajusi, hadi Hukumu ya Mwisho katikati ya msalaba, ambapo nafsi inapimwa kwenye mizani.

Chini ya uso wa magharibi mna maandishi mafupi ya Kiayalandi cha kale, yanayotaka Muiredach aombewe kwa kuwa ndiye aliyesababisha msalaba utengenezwe. Maandishi hayo hayafafanui mchongo wowote, wala hayamtaji fanani aliyechonga. Aidha, hayakamiliki mpaka mtu ayageuze kuwa sala.

Ni dhahiri, basi, kwamba picha hapa zinategemea usimulizi, nayo maandishi yanaishia katika utamkaji. Kuuita msalaba huu Biblia ya wasiojua kusoma ni kuifanya hadhira yake kuwa mpokeaji bubu, ilhali pasipo kumbukumbu na sauti ya hadhira hiyo jiwe lisingesomeka.