Bahasha ya Arcadia

Mwaka 1969 mwanafizikia Joseph Weber wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alitangaza kwamba amenasa mawimbi ya mvutano, yale ambayo Albert Einstein aliyatabiri mwaka 1916. Alikuwa ametega magogo manene ya alumini yatikisike wimbi likipita. Wenzake wakaunda vyombo vyao, wakasubiri, wasipate kitu. Weber hakuibadili kauli yake hadi alipofariki mwaka 2000, na wote waliomfuata katika utafiti huo walifanya kazi wakiliogopa tangazo la haraka.

Ndiyo maana watafiti wa LIGO, mradi wa kunasa mawimbi hayo, walijiwekea sharti gumu. Mitambo yao miwili, mmoja Hanford na mwingine Livingston, nchini Marekani, imetengana kwa kilomita 3,000 hivi, na kila mmoja una mikono miwili ya kilomita 4 inayopitisha mwanga wa leza kati ya vioo. Watu wachache walipewa ruhusa ya kuvitikisa vioo hivyo kwa siri, kuigiza wimbi, bila kumwambia mtu yeyote; ukweli ungefichwa ndani ya bahasha hadi uchunguzi umalizike.

Tarehe 16 Septemba 2010 ishara kali ikaingia. Kwa kuwa ilielekea kutoka upande wa kundinyota la Mbwa Mkubwa, wakaipa jina hilo. Miezi sita ikaenda katika kuihoji. Waliichukua data ya mtambo mmoja wakaisogeza kwa sekunde kadhaa dhidi ya data ya mwenzake, wakarudia tena na tena, kwani ishara zikilingana katika hali hiyo, ni bahati tu iliyozikutanisha. Hesabu ikaonyesha kuwa bahati ya namna hiyo ingetokea mara 1 katika miaka 7,000 hivi. Makala ikaandikwa, watu wakabishana hata juu ya kichwa chake.

Tarehe 14 Machi 2011, mjini Arcadia, California, bahasha ikafunguliwa mbele ya wote. Mbwa Mkubwa alikuwa wa kutengenezwa. Kwangu mimi, siku hiyo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa: mamia ya watu walikuwa wametumia nusu mwaka kwa jambo ambalo halikutokea angani, lakini wakajua kwamba likitokea, wataliona.

Asubuhi ya tarehe 14 Septemba 2015, Marco Drago, mtafiti kijana aliyekuwa Hannover, Ujerumani, aliona ishara safi mno kwenye kompyuta yake. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba imepandikizwa. Yeye na mwenzake wakapiga simu kwenye vyumba vya mitambo kuuliza. Hakuna aliyekuwa amepandikiza chochote. Ishara ilifika Livingston kwanza, na sekunde 0.007 baadaye ikafika Hanford. Mitambo ikaachwa katika hali ileile, isiguswe, mpaka zikapatikana siku 16 za data ya kulinganishia. Safari hii bahati ilikuwa chini ya mara 1 katika miaka 203,000. Mashimo meusi mawili yalikuwa yamegongana na kuungana, umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3.

Habari ilitolewa tarehe 11 Februari 2016. Makala ilibeba majina zaidi ya 1,000, yakiwa yamepangwa kwa alfabeti, na Drago, aliyeiona ishara ile mapema, yumo humo kwenye herufi D.