Ekari Tano za Mzee Jeevanjee

Bustani ya Jeevanjee imepakana na barabara nne katikati ya Nairobi: Moi Avenue, Muindi Mbingu, Moktar Daddah na Monrovia. Ni ekari tano hivi za nyasi, miti na viti, katika jiji ambalo kila kipande cha ardhi kina mtu anayekimezea mate. Ilifunguliwa mwaka 1906, miaka saba tu baada ya reli kufika hapa. Tangu hapo bendera imebadilishwa na barabara zimepewa majina mapya. Government Road ikawa Moi Avenue, Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Bustani imebaki na jina la aliyeitoa, na imebaki kwa sababu kuna mjukuu aliyekataa kumsahau babu yake.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jamii ya Mabohora, Waislamu wa Kishia waliozoea tangu zamani kuishi kwa biashara na kwa kusafiri. Elimu ya darasani aliipata kidogo. Alitafuta riziki hadi Australia, kisha mwaka 1890 akashuka Mombasa. Waingereza walipoanza kujenga reli ya Uganda mwaka 1896, alikuwa miongoni mwa waliopewa kandarasi za kuleta vibarua kutoka Bara Hindi, kuwalisha na kuwajengea. Vibarua zaidi ya 31,000 walivuka bahari kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao wakafa. Anayemkumbuka Mzee Jeevanjee kwa heshima, kama ninavyomkumbuka mimi, hana budi kuwakumbuka na hao, maana utajiri wake ulianzia kwenye jasho lao.

Reli ilipofika Nairobi Mei 1899 palikuwa na kinamasi, mahema na mabati. Jeevanjee alijenga ofisi, nyumba na soko, na serikali yenyewe ikawa mpangaji wake. Huko Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1900, alianzisha gazeti la African Standard, akaliuza baada ya miaka michache. Ndilo gazeti ambalo Wakenya wanalisoma leo kwa jina la The Standard, na sijui ni wangapi kati ya wasomaji wake wanaojua kwamba lilianzishwa na mfanyabiashara wa Karachi.

Kisha ikaja bustani. Jeevanjee aliitengeneza kwa fedha zake, akaikabidhi kwa wakazi wa mji. Ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa mwaka 1906 na Duke of Connaught, mwana wa malkia huyo. Sanamu hiyo imewaudhi wengi, na mwaka 2015 ilikutwa imevunjwa kichwa. Lakini tuielewe kwa wakati wake. Mhindi wa Nairobi alikuwa anakatazwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu na kusukumwa pembeni mjini, na hoja pekee aliyoweza kumkabili nayo gavana ilikuwa hii: na mimi ni raia wa malkia yuleyule. Sanamu ilikuwa sehemu ya hoja hiyo. Bustani yenyewe ilikuwa jambo jingine. Kwa Mwislamu, mahali pa kupumzikia panapoachiwa watu wote ni sadaka jaria: mtoaji huondoka, na thawabu huendelea kumfikia kadiri watu wanavyonufaika.

Mwaka 1909 aliteuliwa kuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikaa humo peke yake kati ya watu waliomwona kama kero, na hakukaa muda mrefu. Alipeleka malalamiko yake London na Bombay, akachapisha kijitabu cha kuwatetea Wahindi wa Afrika Mashariki, na mwaka 1914 akawa miongoni mwa waasisi wa East African Indian National Congress. Katika hasira za miaka hiyo alifika hata kupendekeza kwamba nchi hii iunganishwe na himaya ya India. Ni pendekezo ambalo Mwafrika hawezi kulisoma bila kuumia, kwa kuwa mwenye nchi hakuulizwa. Mwafrika wa kwanza kuingia katika baraza hilo, Eliud Mathu wa Dagoretti, alingoja hadi 1944. Jeevanjee alipigania usawa wa watu wake, na kwa hilo alikuwa shujaa, lakini macho yake hayakufika mbali zaidi. Sioni faida ya kumfichia aibu hiyo mzee tunayempenda.

Alifariki Nairobi mwaka 1936. Mali nyingi ilikuwa imeshamponyoka. Kati ya alivyowahi kuwa navyo, kilichodumu hadharani kwa jina lake ni kile alichokuwa amekitoa.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya utulivu. Makarani walikula chakula cha mchana kivulini, wachumba wakapiga picha, uhuru ukaja, jiji likapanda juu kwa maghorofa. Ilipofika 1991, Tume ya Jiji la Nairobi ikatangaza mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa nyingi.

Tukumbuke mwaka huo ulikuwaje. KANU kilikuwa bado chama pekee kisheria hadi Desemba. Viwanja vya umma vilikuwa vinagawiwa wakubwa, na hati zilipatikana au kupotea kulingana na jina la mwombaji. Miaka miwili kabla yake, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikuwa amepinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, akatukanwa hadi bungeni. Na kwa Wakenya wenye asili ya Kiasia kulikuwa na hofu ya ziada. Tangu Idi Amin awafukuze ndugu zao Uganda mwaka 1972, wengi walikuwa wamejifunza kwamba usalama wao uko katika kunyamaza.

Bi Zarina Patel hakunyamaza. Kazi yake ilikuwa tiba ya viungo, naye ni mjukuu wa Jeevanjee. Aliandika magazetini, akakusanya saini za wananchi, akaeleza jambo ambalo ofisi za jiji hazikutaka kulisikia: kwamba ardhi ile ilitolewa kwa watu wa Nairobi, na hivyo hakuna ofisa mwenye mamlaka ya kuiuza wala kuijenga. Mpango ukaachwa.

Nadhani kisa hiki hakijapewa uzito unaostahili katika historia ya jiji letu. Tumezoea kudhani kwamba ardhi ya umma hulindwa na sheria. Mwaka 1991 sheria ilikuwepo, na majalada yalikuwepo, na hayakufua dafu yenyewe. Kilichohitajika ni mtu anayejua nani alitoa nini, lini, na kwa ajili ya nani, na aliyeona kwamba kulisema hilo ni wajibu wake. Habari ambazo familia nyingine huzitumia kwa kujisifu harusini, Bi Zarina alizigeuza kuwa ushahidi wa watu wote. Kisha akaendelea kuchimba. Mwaka 1997 alitoa kitabu cha maisha ya babu yake, na baadaye akaandika cha Makhan Singh, mwana wa vyama vya wafanyakazi aliyewekwa kizuizini na wakoloni kwa zaidi ya miaka kumi. Kutoka kwa babu tajiri hadi kwa mtetezi wa vibarua ni safari ndefu ya mawazo kwa mtu mmoja, na inaonyesha kuwa mapenzi yake kwa mzee huyo hayakumfumba macho.

Miti iliyookolewa haikukosa kazi. Miaka hiyohiyo ya tisini, chini ya vivuli vyake, palizuka Bunge la Mwananchi: watu wasio na kadi ya mwaliko wakijadili bajeti, katiba, bei ya unga na ukatili wa polisi. Wengine wamekamatwa kwa hayo na kurudi. Saa saba mchana hufika wahubiri wenye Biblia na vipaza sauti, na waliokuja mjini kutafuta kibarua, wakiwemo wa Kangemi na Kawangware, huketi kusikiliza au kupumzisha miguu.

Ninachokitamani ni kidogo na kinawezekana. Shule za Westlands na Dagoretti huleta watoto mjini kuona makumbusho na majengo ya serikali. Zipange pia nusu saa hapa. Mwalimu aanze na soko la Muindi Mbingu na minara ya Msikiti wa Jamia pale karibu, kisha awaketishe nyasini, awaeleze habari za mzee wa Karachi na mjukuu wake, vibarua wa reli wakiwemo, halafu awaulize ni uwanja gani mtaani kwao uliotolewa kwa ajili ya watu wote, na nani anajua ulitolewa na nani.