Unywele na Mpaka: Wabajuni wa Kudhaa mbele ya Sayansi ya Kuthibitisha Asili

1. Utangulizi

Makala hii inajadili swali moja: unywele wa binadamu unaweza kutoa ushahidi gani kuhusu alikotoka mwenyewe? Swali hili linawagusa Wabajuni wa Kudhaa, Koyama, Chovai na Chula, visiwa vilivyo kusini mwa Kismayo, ambao wengi wao walilazimika kuhama baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Hoja yetu ni kwamba unywele hushuhudia mwili na miezi ya karibuni, haushuhudii uraia.

2. Hadubini na mipaka yake

Chini ya hadubini, mchunguzi hutazama magamba ya nje ya unywele, chembe za rangi na muundo wa kiini chake. Kwa njia hiyo hutofautisha unywele wa binadamu na wa mnyama, au uliong'olewa na uliopukutika wenyewe. Nyuzi za nguo nazo hupambanuliwa hivyo: uzi wa pamba huonekana kama utepe uliojisokota, ilhali wa nailoni huwa sawia. Hata hivyo, kufanana si kuwa kitu kimoja. Mwaka 2015 FBI ya Marekani ilikiri kwamba wachunguzi wake walivuka mpaka huo mahakamani: katika mashauri 268 yaliyopitiwa, ambamo ulinganishaji wa nywele ulitumika dhidi ya mshtakiwa, 257 yalikuwa na kauli zenye kasoro.

3. Jaribio la Uingereza, 2009

Mnamo Septemba 2009 Wakala wa Mipaka wa Uingereza ulianzisha mradi wa majaribio wa kupima asili ya waomba hifadhi, ukiwalenga hasa waliodai kutoka Somalia. Ute wa mdomoni ulichukuliwa kwa ajili ya vinasaba. Nywele na kucha kwa ajili ya isotopu. Wanasayansi waliupinga, akiwemo Alec Jeffreys, mwasisi wa utambuzi wa watu kwa vinasaba, na mwaka 2011 mradi ulikomeshwa.

Kasoro yake ilikuwa ya kisayansi na ya kihistoria pia. Unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Wenye sentimita sita hubeba kumbukumbu ya maji na chakula cha nusu mwaka tu. Aliyeondoka Kudhaa akaishi Mombasa miaka kadhaa atakuwa na unywele wa Mombasa. Vinasaba navyo huonyesha nasaba, na nasaba ya Wabajuni ilitangulia mpaka. Hadi mwaka 1925 Jubaland ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Kenya. Mwaka huo ikakabidhiwa Italia. Wabajuni wa Kudhaa na wa Kiunga wakawa chini ya dola mbili, ilhali bahari, lugha na ukoo vilibaki vilevile.

4. Hitimisho

Mamlaka inayokubali kipimo cha mwili kuwa hati ya uraia yaweza kumrudisha mtu kule alikokimbia. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ripoti ya maabara itaje kipindi ambacho sampuli inakihusu. Pili, isitumike kukata shauri la uraia. Tatu, masimulizi ya mwombaji kuhusu visima, uvuvi, majirani na ndoa yapimwe na wanaovijua visiwa hivyo, kwa Kibajuni. Ushahidi wa maisha ya Kudhaa umo katika maisha hayo yenyewe.