Mtongani Mbili, Mbezi Mbili: Majina Yanayogongana Dar es Salaam

Jina Mtongani linabebwa na sehemu mbili za Dar es Salaam: moja iko Kunduchi, wilayani Kinondoni, kaskazini mwa jiji, nyingine iko Mtoni, wilayani Temeke, upande wa kusini. Kunduchi ilipokuwa kijiji cha wavuvi kilicho mbali na mji, jina hilo halikumsumbua mtu. Mji ulipopanuka ukazimeza sehemu zote mbili, majina yakaanza kugongana.

Usafiri ulilikuza tatizo. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria sambamba na mabasi ya UDA, shirika la usafiri la jiji, na magari hayo, yaani daladala, yakaunganisha pembe zote za jiji. Konda anayeita "Mbezi" na kuishia hapo hajasema aendako: Mbezi Beach iko upande wa Barabara ya Bagamoyo, Mbezi Luis iko Barabara ya Morogoro.

Wakazi walijitafutia dawa mbili. Ya kwanza ni kutanguliza jina la eneo kubwa: Kunduchi Mtongani, Mtoni Mtongani. Ya pili ni kuongeza alama ya mahali au jina la mtu: Mbagala Kizuiani, Mwananyamala kwa Kopa. Mwenyeji akiwa mtaani kwake husema Mtongani tu, na anaeleweka.

Waandishi wa programu za kompyuta nao walikumbwa na majina yanayogongana, wakafikia dawa hizo hizo kwa njia yao. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta, hushughulikia kila faili peke yake, kisha programu nyingine, linka, huyaunganisha yote. Mafaili mawili yakiwa na fanksheni (vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina) zenye jina moja, tuseme "fungua", linka hugoma. Fanksheni isiyohitajika nje hufungiwa ndani ya faili lake, kama Mtongani ya wenyeji. Inayotoka nje hutangulizwa jina la maktaba yake, yaani mkusanyiko wa fanksheni iliyomo: picha_fungua, sauti_fungua. Kiwango cha kimataifa cha C++, lugha iliyotokana na C, cha mwaka 1998 kiliuingiza utaratibu huo wa kutanguliza jina katika lugha yenyewe.

Mitaani nako serikali ilileta dawa yake: mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi: barabara zikapewa majina, nyumba namba. Postikodi za Kinondoni huanza na 14, za Temeke na 15. Kwenye anwani, tarakimu hizo zinatosha kuzitenganisha Mtongani mbili. Kituoni, abiria bado hutaja Kunduchi au Mtoni.