Nyoka Asiyekula Vocha

“Mjomba, naomba simu nicheze nyoka.”

“Cheza, lakini usinimalizie chaji.”

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maneno haya yalisikika katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Mtoto aliipokea simu kwa mikono miwili, akajikunyata pembeni mwa kochi, na tangu hapo hakumsikia mtu. Sebuleni zilisikika batani tu zikibonyezwa, halafu mguno: nyoka kajigonga.

Jibu la mjomba lina jambo ndani yake. Hakusema “usinimalizie vocha.” Enzi hizo karibu kila kitu kwenye simu kilikuwa na bei. Kupiga kulilipiwa, meseji ililipiwa, na asiye na salio alibipu, akakata, akangoja mwenye nazo ampigie. Nyoka peke yake hakudai hata senti. Laini ikiwa tupu, mtandao ukipotea, alikuwa tayari kukimbia. Alichohitaji ni betri na kidole gumba.

Mchezo huo ulioingia mifukoni mwa mamilioni ya watu ulitokea Finland mwaka 1997. Ukoo wake, hata hivyo, ni wa zamani kuliko simu za mkononi zenyewe.

Mtoto wa nyoka

Babu wa ukoo alizaliwa San Diego, California, mwaka 1976. Kampuni ya Gremlin ilikuwa ikitengeneza mashine za michezo za kutumbukiza sarafu, na mhandisi wake Lane Hauck akabuni mchezo ulioitwa Blockade. Wachezaji wawili walikaa mbele ya kioo kimoja cha rangi nyeusi na nyeupe. Kila mmoja aliendesha alama iliyoacha ukuta nyuma yake kila ilipopita. Nafasi ilizidi kubana, kuta zikazidi kurefuka, na wa kwanza kugonga ukuta, wake au wa mwenzake, ndiye aliyeshindwa. Chakula hakikuwepo, wala hakuna aliyeyaita mambo hayo nyoka.

Wazo lilikuwa jepesi, na chepesi huibwa haraka. Kampuni nyingine zikatoa mashine zinazofanana nayo, na mwaka 1977 Atari ikauza Surround, mchezo wa namna hiyo hiyo wa kuchezea nyumbani kwenye televisheni. Mwaka 1982 kampuni ya Rock-Ola ya Chicago ikatoa Nibbler. Safari hii nyoka alikuwa nyoka kweli: alipita kwenye vichochoro, akala, akarefuka, na akijigonga mwilini anakufa.

Nibbler ilikuwa na kishawishi kimoja kikubwa. Ubao wake wa alama ulikuwa na nafasi ya tarakimu tisa, maana yake mtu angeweza kuzijaza zote na kuvuka pointi bilioni moja. Kijana wa Ottumwa, jimbo la Iowa, Tim McVey, aliitikia wito huo. Mwezi Januari 1984 alicheza zaidi ya saa 44 kwa sarafu moja, bila kulala, akijijengea akiba ya maisha ya ziada ili apate upenyo wa kwenda msalani huku nyoka akijifia mwenyewe. Akavuka bilioni.

Nyoka aliyefuata hakuja na mashine ya sarafu. Mwaka 1991 Microsoft ilitoa toleo la 5.0 la mfumo wa MS-DOS, na ndani yake mlikuwa na QBasic, lugha ya kuandikia programu, pamoja na mifano michache ya kujifunzia. Mmoja ulikuwa Nibbles, mchezo wa nyoka anayefukuzia namba. Uzuri wake ni kwamba maandishi yote ya programu yalikuwa wazi. Mwanafunzi aliyechoka kufa aliweza kufungua faili, akatafuta mstari unaohesabu maisha, akabadilisha namba, akaendelea kucheza. Kwa wengi hilo lilikuwa somo la kwanza la programu, na walilisoma bila mwalimu.

Finland, nukta 4,032

Nokia ilianzia kwenye kinu cha massa ya mbao mwaka 1865, na kabla ya simu iliwahi kuuza hata mabuti ya mpira. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeweka nguvu zake kwenye simu za mkononi, na simu zilikuwa chombo cha watu wa ofisini. Mchezo ndani ya simu ulionekana kama karata kwenye mkoba wa wakili. Si kwamba hakuna aliyejaribu: mwaka 1994 kampuni ya Hagenuk ilitoa simu ya MT-2000 yenye Tetris ndani yake. Simu hiyo haikuenea.

Nokia ilipokuwa ikiandaa modeli ya 6110, mhandisi wa programu Taneli Armanto alipewa kazi ya kuiwekea michezo. Tetris ilifikiriwa, lakini suala la malipo ya haki miliki likalizima wazo hilo. Armanto akakumbuka mchezo wa nyoka aliouona kwenye kompyuta za Apple, akaamua kuujenga upya kwa ajili ya kioo kidogo cha simu.

Kioo hicho kilikuwa na nukta 84 kwa upana na 48 kwa urefu. Ukizidisha unapata 4,032, idadi isiyotosha hata kuchora picha ndogo ya kumtambulisha mtu kwenye WhatsApp siku hizi. Rangi ilikuwa moja. Kumbukumbu ilikuwa finyu, na simu haikuruhusiwa kusahau kazi yake: mtu akipiga, mchezo unasimama, simu inaita.

Ukweli ni kwamba nyoka wa Nokia hatembei. Jicho linadanganywa. Kila hatua, programu huchora kipande kimoja kipya mbele ya kichwa na kufuta kimoja mwishoni mwa mkia. Vipande vya katikati havigusi. Nyoka mrefu hampi prosesa kazi zaidi ya nyoka mfupi. Akila, programu huacha kufuta mkia kwa muda, naye anarefuka. Huo ndio muujiza wote, na ndiyo maana uliweza kubanwa ndani ya simu ya mwaka 1997.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo hesabu peke yake haikulitatua. Wachezaji wazuri walipenda kumpeleka nyoka hadi ukingoni kabisa kisha kumgeuza. Kwenye kasi ya juu, walichelewa kwa nukta ya sekunde na kufa, wakahisi kuonewa. Armanto akaongeza upendeleo mdogo: kichwa kikifika ukutani, nyoka hafi papo hapo. Hupewa milisekunde chache, na kidole kikiwahi kubonyeza, anageuka na kupona. Mchezaji hakuuona upendeleo huo. Alijiona tu yeye ni hodari.

Nokia 6110 ilitangazwa Desemba 1997. Kwa wahandisi ina sifa nyingine: ilikuwa simu ya kwanza ya GSM kuendeshwa na prosesa ya muundo wa ARM, ule ule ambao leo umo karibu katika kila simu janja duniani. Ilikuwa pia na mlango wa miale ya infraredi, na watu wawili wenye simu zinazolingana waliweza kuzielekezana na kucheza pamoja. Walioijua njia hiyo walikuwa wachache. Wengi walicheza peke yao, wakigombania namba moja tu: alama ya juu kabisa. Simu iliihifadhi bila jina la aliyeipata, jambo lililozua mabishano mengi baina ya ndugu.

Kutoka mkoba hadi mfuko wa shati

Nyoka alienea kwa sababu simu zilishuka ngazi. Mwaka 1998 Nokia iliipita Motorola na kuwa muuzaji mkubwa wa simu za mkononi duniani. Nokia 3210 ya mwaka 1999, iliyoficha antena yake ndani, iliuzwa kiasi cha milioni 160. Mwaka 2000 ikaja 3310, iliyouzwa milioni 126, ikiwa na Snake II. Humo nyoka alipata magamba, vizuizi vya kukwepa, na mdudu wa ziada anayetokea ghafla na kutoweka baada ya sekunde chache. Palipokosekana ukuta, aliingia upande mmoja wa kioo akatokea upande wa pili.

Wakati huo huo soko la Afrika Mashariki lilikuwa likifunguka. Tanzania ilikuwa na Mobitel tangu 1994, lakini simu ya miaka ile ilikuwa ya mwenye nacho. Mwaka 2000 Vodacom ikaanza huduma Tanzania, na Kenya ikawapata washindani wawili, Safaricom na Kencell. Vocha za kukwangua zikafika madukani. Vibanda vya mafundi vikajaa kava za 3310 za kila rangi, na mtu alibadilisha sura ya simu yake kama anavyobadilisha shati.

Kisha mwishoni mwa 2003 ikaja Nokia 1100. Wabunifu wake waliwafikiria watu wa nchi kama hizi: batani zilizofunikwa kwa kipande kimoja cha mpira ili vumbi lisipenye, mgongo usioteleza mkononi wenye jasho, na tochi juu kabisa. Tanzania simu za namna hiyo zikaitwa vitochi. Kenya zikapewa jina lenye ucheshi zaidi, mulika mwizi. Zaidi ya simu milioni 250 za modeli ya 1100 ziliuzwa, na simu ya bilioni moja ya Nokia, iliyouzwa Nigeria mwaka 2005, ilikuwa ya modeli hiyo. Humo nako nyoka alikuwemo.

Alikuta wachezaji wenye muda na wasio na salio. Kondakta aliyengoja gari lijae alicheza. Mlinzi wa usiku alicheza, akipiga hesabu ya betri, kwa kuwa kuchaji nako kulilipiwa kwenye vibanda ambako simu ziliachwa asubuhi na kuchukuliwa jioni. Waliojifunzia kwenye foleni hawakuhitaji maelekezo: 2 juu, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Kila aliyepandisha kasi alipata pointi nyingi zaidi kwa kila tonge, na ndiyo maana vijana wa kijiweni hawakuitambua rekodi ya mtu aliyecheza kwa kasi ya kobe.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania. Haikudai simu mpya. Ilikaa kwenye laini na kufanya kazi katika vitochi vile vile. Batani zilizokuwa zikimgeuza nyoka sasa ziliingiza namba ya siri na kutuma ada ya shule.

Nokia ilipotaka kuuza mchezo

Mafanikio hayo yaliwapa wakubwa wa Nokia wazo lililoonekana la busara: kama watu wanapenda mchezo wa bure kiasi hiki, je, wakiuziwa simu ya michezo? Oktoba 2003 wakatoa N-Gage, simu iliyochanganywa na mashine ya michezo. Bei yake Marekani ilikuwa dola 299. Kubadilisha mchezo kulimlazimu mtu kufungua mfuniko na kutoa betri kwanza. Spika ilikuwa ubavuni, kwa hiyo mpigaji aliisimamisha simu sikioni kwa ukingo, na watu wakaifananisha na taco, mkate wa Kimeksiko uliokunjwa. Ilikuwa na rangi, ilikuwa na michezo ya pande tatu, na haikuuzika kama ilivyotarajiwa.

Armanto, aliyeandika mchezo uliozishinda fedha zote hizo, hakujulikana na wengi waliokuwa wakiucheza. Mwaka 2005 wafanyabiashara wa burudani za simu walimtunuku kwa mchango wake. Miaka miwili baadaye Apple ikatoa iPhone, batani zikaanza kutoweka, na mwaka 2014 Nokia ikawa imekwisha kuiuzia Microsoft biashara yake ya simu.

Ukoo haukukatika. Mwaka 2016 slither.io ilivuma duniani: nyoka wenye rangi za kung'aa, mamia kwenye uwanja mmoja, kila mmoja akiendeshwa na mtu aliyeko nchi nyingine. Kanuni iko karibu zaidi na Blockade ya Hauck kuliko ya Armanto, kwani anayegonga mwili wa mwenzake ndiye anayekufa. Ila nyoka huyu anakula bando.

Februari 2017, katika maonyesho ya simu mjini Barcelona, kampuni ya HMD Global, iliyopewa haki ya kutumia jina la Nokia, ilizindua 3310 mpya kwa euro 49. Haikuwa simu janja na haikujidai kuwa hivyo. Magazeti ya dunia yaliyoandika habari zake hayakusahau kumtaja nyoka, aliyerudi safari hii akiwa na rangi. Mwaka huo huo Nokia 105, kitochi cha bei ya chini kabisa, ilikuja na Snake Xenzia pamoja na redio na tochi. Wapo wanaotembea nacho hadi leo kando ya simu ya kupangusa, kwa sababu chaji yake inadumu siku kadhaa na miamala ya pesa inapita bila shida.

Lakini sebuleni mtoto haombi kitochi. Anaitaka ile ya kupangusa, ambayo gemu zake hukatizwa na matangazo kila raundi inapoisha, na kila tangazo hupakuliwa kwa gharama ya mwenye simu.

“Mjomba, naomba simu nicheze gemu.”

“Cheza, lakini zima data kwanza.”