Ndai ilitangulia tashibihi

"Kwata ndai!" husema mtega kitendawili, yaani ndai, wa Kikamba, na waliomzunguka hujibu, "Nakwata!" Kabla Kitui na Makueni hazijajua ubao wala chaki, hilo ndilo lililokuwa somo la tamathali za usemi. Hakuna mtoto aliyeulizwa fumbo hilo ni la aina gani. Alitakiwa alifumbue, kisha atege lake.

Kiswahili nacho hakikungoja shule. Kililetwa na biashara: misafara ya Wakamba ilikuwa ikishusha pembe za ndovu Mombasa, na Ludwig Krapf alipofika Kitui kwa mfanyabiashara Kivoi mwaka 1849, alifuata njia waliyokwisha kuikanyaga wao. Madarasa yalikuja baadaye. Walutheri wa Kijerumani walikuwa Ikutha katika miaka ya 1890, na mwaka 1895 Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission akafungua kituo Nzaui, Makueni ya leo. Kusoma kulimaanisha kusoma Maandiko. Ndai na ngano zilibaki nyumbani, pamoja na myali, zile nyimbo za kukejeli na kukosoa jamii. Hata hivyo Injili yenyewe imejaa mafumbo, na sidhani kijana aliyekulia kwenye ndai alihitaji kuelezwa mara mbili kwamba mpanzi katika mfano wa Yesu hakuwa mkulima tu.

Waliotia ndai na simulizi hizo kwenye maandishi walikuwa wachache. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyezuru Ukambani mwaka 1911 na 1912, alichapisha vitabu vyake vya ngano, vitendawili, methali na nyimbo za Wakamba kati ya 1928 na 1935, lakini aliwalenga wataalamu wa Ulaya. John Mbiti, mzaliwa wa Mulago, Kitui, alitoa "Akamba Stories" mwaka 1966. Mwaka 1972 David Maillu akachapisha "Ki Kyambonie", kitabu cha methali za Kikamba. 

Shuleni, kwa muda mrefu, lugha ya nyumbani ilikuwa hatia. Aliyeteleza akaitamka alivishwa kidude shingoni hadi amnase mwenzake. Mabadiliko yalianzia Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ile simulizi ikiwemo, iwekwe katikati ya masomo. Mwaka 1974 walimu wa fasihi walikutana Nairobi School kulijadili suala hilohilo kwa ajili ya shule za sekondari. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Watahiniwa wa kwanza wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, waliufanya mwaka 1989.

Hapo ndipo ndai iliporudi darasani, kama fasihi simulizi, na ndipo ilipofungwa pingu. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, 102/3, humpa mtahiniwa shairi na kumtaka abainishe tamathali mbili za usemi kwa alama nne au hapo karibu. Mwanafunzi akaandika "tashihisi", akatoa mfano, akahamia swali linalofuata. Katika shule za msingi hali ilikuwa mbaya zaidi. Watoto walikaririshwa orodha nzima ya mapambo ya insha: kufumba na kufumbua, kupiga moyo konde, guu mosi guu pili, kuchana mbuga. Insha ya mjini Wote na insha ya mjini Mwingi zikafanana hadi kwenye nukta. Walimu walijua, ila mtihani ulikuwa na alama za kupata.

Tena mapambo hayo mengi yalinukia chumvi ya bahari. Mtoto wa Mutomo anajifunza kwamba maji yakijaa hupwa, ilhali mto anaoujua ni mchanga mtupu kwa miezi mingi, na maji yake hufukuliwa kwa koleo. Methali hiyo ataikariri. Kuitumia ni jambo jingine. "Kidole kimoja hakivunji chawa" haimpi taabu, kwa kuwa ameisikia kwa nyanya yake kwa Kikamba. Mwalimu anayeanzia hapo ana kazi nyepesi. Anayeliambia darasa litunge sitiari kutokana na huo mchanga unaoficha maji, kabla ya kuwapa wanafunzi jina la sitiari, anafanya alichokuwa akifanya mtega ndai.

Mtaala wa umilisi, ulioanza mwaka 2017, unawapa walimu nafasi hiyo: mwanafunzi anatarajiwa kutega, kusimulia na kuigiza, na si kutaja tu. KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Kwenye maduka ya vitabu mjini Kitui, vijitabu vya mapambo ya insha bado vinauzwa.