Matroni na kile kiti cha mkubwa

Ukishuka Ngaramtoni, barabara ya Arusha kwenda Namanga, ulizia hospitali ya Selian. Hapo, kama hospitali nyingi nchini, utasikia vyeo viwili: mganga mfawidhi na matroni. Ushajiuliza kwa nini kiti cha mkubwa hukaliwa na yule wa kwanza?

Jibu moja liko darasani. Mwaka 1899, Teachers College ya Columbia, New York, ilianzisha kozi ya uchumi wa hospitali kwa wauguzi watakaokuwa wasimamizi. Mwaka 1907 Adelaide Nutting akawa profesa hapo, muuguzi wa kwanza duniani kupata cheo hicho. Kwetu, shahada ya uuguzi ilianza Muhimbili mwaka 1988. Piga hesabu: miaka 89, na hiyo ni shahada ya kwanza tu, uzamili ukaja baadaye!

Si kwamba uwezo haukuwepo, jamani. Mkenya Eunice Muringo Kiereini aliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi kuanzia 1981 hadi 1985. Dunia nzima ilimkubali.

Leo muuguzi anasoma uzamili hapahapa nchini. Akirudi kazini, mara nyingi anapanga zamu zilezile. Bajeti inasainiwa chumba cha pili.